Azimio la kazi la Mwalimu: kisa cha mwandishi mmoja wa Kilolo na malengo yake ya Januari

Kazi yangu ni kuhariri miswada, hapa Iringa mjini. Wanaonijia wengi ni walimu, wastaafu, makatekista, na vijana wa chuo wenye mashairi ya mapenzi. Kisa hiki ni cha mmoja wao, mama anayefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata huko Kilolo, kwenye ile miinuko ambako asubuhi za masika unasikia ng'ombe akipita mbele yako kabla hujamwona. Ameniruhusu nikiandike kwa masharti mawili: nisitaje jina lake wala la shule, na nisiifiche sehemu yangu mimi. Sehemu yangu nitaifikia. Si ya kujivunia.

Nitamwita Mwalimu, maana ndivyo ninavyomwita. Ana watoto wawili, ekari mbili za mahindi, kipande cha viazi, na mume ambaye ni fundi mbao, wiki nyingi za mwaka yuko Mafinga. Amekuwa akiandika tangu akiwa chuo cha ualimu. Hajawahi kumaliza kitu.

Usiku wa tarehe 31 Desemba, mwaka juzi, alifungua kaunta buku mpya na kuandika malengo matano kwa ile kalamu nyekundu ya kusahihishia. Maneno 1,000 kila siku. Riwaya iwe imekamilika tarehe 30 Juni. Kushinda Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Kusoma vitabu 24. Kupata mchapishaji. Chini yake akaongeza kwamba anaanza kesho kwa sababu Shaaban Robert naye alizaliwa tarehe 1 Januari, mwaka 1909. Kisha akaupiga picha ukurasa ule na kuuweka status. Pongezi zilimiminika hadi usiku wa manane: hongera Mwalimu, tunasubiri kitabu, usitusahau ukiwa tajiri. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwetu huku tembo ni ulanzi, pombe ya mianzi, lakini maji ni yaleyale.

Daftari lile ninalo hapa mezani, amenikopesha. Tarehe 1 Januari ameandika maneno 1,040. Tarehe 2, maneno 1,012. Tarehe 3, maneno 640. Tarehe 4 kuna sifuri, imezungushiwa duara. Tarehe 5, maneno 310. Tarehe 6, sifuri bila duara. Kuanzia hapo maandishi yanabadilika yanakuwa ya haraka, ya mtu aliyesimama: "Mvua. Mbolea imefika, foleni." "Palizi upande wa mtoni." "Form One wanaripoti, madawati hayatoshi." Kwenye kona ya ukurasa huo kuna alama ya dole gumba, ya udongo mwekundu, imekauka vizuri kiasi kwamba ungeweza kuhesabu mistari ya kidole. Halafu kurasa tupu. Jumla ya riwaya kwa mwezi mzima: maneno 3,002.

Februari ana siku moja. Machi hana kitu.

Alipokuja kuniona mwezi wa sita, shule zimefungwa, alikuwa na maelezo yake tayari. "Kaka, mimi ni mvivu. Nimejichunguza nikajua." Aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mwanafunzi asiyemtegemea. Nikamwomba anisomee ratiba yake ya siku moja ya Januari, tangu kuamka hadi kulala. Kuamka saa kumi na moja, moto, chai, watoto. Shule hadi saa tisa na nusu. Shamba hadi giza, maana mahindi yaliyopandwa mwishoni mwa Novemba yakifika Januari yanataka palizi na mbolea ya kukuzia kwa wakati uleule, na mvua haikupi nafasi ya kuchagua. Usiku, chakula cha jioni, kisha andalio la somo la kesho. Mtu wa namna hiyo akijiita mvivu, neno lenyewe limeharibika.

Basi tukaacha uvivu, tukashika hesabu. Yeye huandika kwa mkono. Ukurasa wa daftari lake una mistari 28, na mstari mmoja hubeba kama maneno manane: maneno 224 kwa ukurasa. Nikamwambia aandike chochote mbele yangu, nikatazama saa. Ukurasa mmoja ulimchukua dakika 40, na hapo hakuwa akisukumwa na mtu wala mtoto halii. Maneno 1,000 ni kurasa nne na nusu hivi. Yaani saa tatu kasoro kidogo, kila siku, bila Jumapili. Na kumbe alikuwa pia akitumia dakika kumi kila usiku kuhesabu maneno kwa penseli, neno kwa neno, akiweka nukta ndogo kila likifika la mia. Nukta zile zipo. Zinasikitisha kuliko zile sifuri.

Hizo 1,000 alizitoa wapi? Sehemu ni simu. Alikuwa amesoma habari za NaNoWriMo, lile zoezi lililoanzia Marekani mwaka 1999, la kuandika maneno 50,000 ndani ya Novemba, ambayo ni maneno 1,667 kwa siku. Akaona 1,000 ni unyenyekevu. Lakini Novemba kwake ni kupanda, tena ni mtihani wa kidato cha nne. Halafu kuna jambo ambalo waandishi wa Kiswahili hatulisemi vya kutosha: neno letu si neno lao. "Sitakusahau" ni neno moja. Mwingereza atahitaji maneno matano kufika palepale. Anayeandika maneno 1,000 ya Kiswahili amebeba mzigo mkubwa kuliko anayeandika 1,000 ya Kiingereza, ingawa kwenye mizani inasomeka sawa. Kuiga idadi yao ni kama kuuza viazi kwa lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kiasi, huku unalipwa bei ya gunia la kawaida. Wakulima wa Kilolo wataelewa.

Sehemu nyingine ya hizo 1,000 ni mimi.

Wiki ya Krismasi alinipigia kuuliza mwandishi wa kweli anaandika mara ngapi. Nilikuwa stendi, nina haraka, nikajibu kama wanavyojibu watu wenye haraka: "Kila siku, Mwalimu. Hata ukiumwa." Jibu hilo nimelitoa kwa watu wengi. Mimi mwenyewe sijawahi kulitimiza. Huandika Jumamosi, na mwezi wa Ramadhani majirani zangu wanapofunga, mimi nafunga kalamu bila sababu yoyote. Nilimpa mtu mwenye ekari mbili ushauri ambao hata mimi nisiye na tuta la mchicha sijauweza. Shaaban Robert aliyemtaja kwenye daftari alikuwa mtumishi wa serikali, miaka mingi karani wa forodha, na vitabu vyake vilitoka ndani ya maisha hayo ya ajira. Ningemwambia hivyo, ingemsaidia zaidi ya "kila siku".

Lengo la tatu lilitupotezea muda kidogo tu. Tuzo ile husimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi hutangazwa tarehe 13 Aprili, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu Nyerere. Kushinda kunategemea majaji na kunategemea miswada ya watu wengine. Anachoweza Mwalimu ni kupeleka. Tukafuta "kushinda", tukaandika "kupeleka", bila mwaka. "Kupata mchapishaji" nalo lilikuwa la namna hiyohiyo: mchapishaji mmoja aliwahi kupokea hadithi zake fupi na kukaa nazo miezi tisa bila hata kusema zimefika. Huwezi kuweka tarehe ya mwisho kwenye ukimya wa mtu mwingine. Vitabu 24 tuliviacha. Anasoma anapopata, na anasoma vizuri.

Sasa nije kwenye kile kilichonifanya niandike kisa hiki.

Nilipokuwa nikifunga daftari lake siku ile ya Juni, lilifunguka kwa nyuma. Kulikuwa na maandishi yaliyoanzia ukurasa wa mwisho kuja mbele, kama wanafunzi wanavyofanya wakitaka kuficha kitu. Nikauliza ni nini. "Ah, hizo hazihesabiki kaka. Nilikuwa najipumzisha." Kurasa kumi na mbili. Hazina tarehe, hazina jumla, hazina nukta za penseli. Alizianza likizo ya Pasaka, akaziongezea akiwa kwenye zamu ya usimamizi wa mitihani ya majaribio, na nyingine jikoni, kwani kuna doa la mafuta.

Riwaya yake, ile ya maneno 3,002, ilikuwa ya upelelezi. Inspekta, maiti, hoteli ya ghorofa kumi Dar es Salaam. Amefika Dar mara mbili. Aliichagua, anasema, kwa sababu riwaya za upelelezi ndizo zinazosomwa. Zile kurasa za nyuma zilikuwa za babu yake aliyekuwa mgema wa ulanzi. Nanukuu kwa ruhusa yake (mbeta ni chombo cha mwanzi cha kukingia ulanzi):

"Babu haongei akiwa mianzini. Anakata ncha ya mwanzi mchanga, kipande chembamba kama ukucha, anafunga mbeta, anasubiri. Tone la kwanza likigonga chini anakohoa. Sisi tulijua: akikohoa tunaweza kuongea."

Nilisoma mara mbili, nikamtazama. Yeye alikuwa anatafuta chenji ya nauli kwenye mkoba.

Kurasa kumi na mbili ni kama maneno 2,700. Karibu sawa na riwaya yote ya Januari, na hizi aliziandika bila lengo, bila status, katika miezi ambayo daftari la mbele linasema sifuri. Kwa hiyo hesabu yake ya mwaka haikuwa imekosewa kwenye tarakimu peke yake. Alikuwa amepanga kuandika kitabu alichokiheshimu, na pembeni anaandika kitabu alichokijua. Mtu akinijia leo na malengo ya mwaka mpya, kitu cha kwanza ninachomwomba ni daftari la mwaka uliopita, na nalifungulia nyuma.

Nilitaka pale pale nimtolee mfano wa mgema, kwamba mwanzi hukatwa kidogo asubuhi na jioni ndipo utiririke. Mfano umejileta wenyewe. Akaniwahi. "Usinifanyie methali kaka. Babu alikuwa na mianzi tu. Hakuwa na Form Two B."

Tukaanza upya, na njia iliyotumika ni yake, si yangu. Kila Januari mwalimu wa nchi hii huandaa azimio la kazi. Ni jedwali: mwezi, wiki, mada kuu, mada ndogo, idadi ya vipindi, zana, na safu ya mwisho ya maoni. Mwalimu mzoefu haandiki azimio kwa ndoto. Anajua wiki ya mitihani haifundishwi, anajua wiki ya kwanza ni ya kufagia na kuandikisha, anaacha nafasi. Kwenye safu ya maoni hukiri mada isiyokwisha, na inahamia wiki inayofuata bila mtu kulia. Huyu mama ameandika maazimio ya kazi kwa miaka kumi na minne. Aliyajua yote haya. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya aliyasahau kwa sababu alidhani uandishi ni jambo la aina nyingine.

Akachukua rula. Mada kuu: Babu. Mada ndogo akaziorodhesha kumi na tisa, akaishia hapo. Zana: daftari, kalamu mbili. Kipimo hakikuwa tena maneno, kilikuwa kipindi, na kipindi cha sekondari ni dakika 40, ambazo ndizo zilezile zilizomtosha ukurasa mmoja. Vipindi vinne kwa wiki, Jumatatu hadi Alhamisi. Saa tisa na nusu hadi saa kumi na dakika kumi, kwenye ofisi ya walimu, kabla ya kurudi nyumbani. Hapo kwenye saa tulibishana. Mimi nilipendekeza alfajiri. Akaniuliza kama nimewahi kuamka alfajiri ya Julai Kilolo, nikanyamaza. Usiku nao ni wa watoto na wa umeme unaokatika. Nyumbani, alisema, ukishavua viatu umekwisha.

Na mwaka ukaanza Julai. "Kama wa serikali," akasema, akacheka mwenyewe. Ni kweli, mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na kule Makunduchi, Unguja, watu hukoga mwaka, yaani husherehekea mwaka mpya wa jadi, Julai hiyohiyo. Sababu yake yeye ilikuwa ya shambani. Mahindi yakishakauka yanaweza kusimama wiki mbili yakikungoja. Palizi haikungoji hata siku mbili. Julai hadi Oktoba ndiyo miezi ambayo Kilolo humwachia mtu mikono. Novemba na Desemba aliziandika kwenye jedwali kwa neno moja: "likizo". Niliposhtuka alinionyesha safu ya maoni: kupanda, usimamizi wa mitihani, na huenda akaitwa kusahihisha.

Mwaka huo wa Julai ulikuwaje? Wiki 17, vipindi 68 vilivyopangwa. Alifanya 51. Robo tatu kamili, na sitaki kuipamba kwa sababu vipindi 17 vilivyopotea vina historia. Vitatu vilikufa kwa vikao. Viwili alikaa mezani na hakuandika kitu, akaandika kwenye maoni "nimekaa tu". Kumi na viwili vilikuwa Septemba, wiki tatu mfululizo, mtoto mdogo akiwa na homa isiyosikia dawa, zahanati na nyumbani, nyumbani na zahanati. Nilijua hilo ndilo shimo ambalo Januari lingemzika. Mtu mwenye lengo la kila siku akikosa siku 21 anadaiwa maneno 21,000, na deni la namna hiyo halilipiki, linakimbiwa. Azimio la kazi halidai. Jumatatu ya wiki ya nne alifungua safu, akaandika "mada imeahirishwa", akaendelea na Babu kukamatwa na mvua.

Mwisho wa Oktoba alikuwa na kurasa 54, maneno 12,000 na ushei. Wenzake hawakujua. Status yake miezi hiyo ilikuwa na picha za maparachichi. Walimu wawili wa ofisini walidhani anabaki kusahihisha madaftari, wakamwita mchapakazi, na mkuu wa shule akamsifu kwenye kikao, jambo lililomfanya acheke hadi akatoka nje.

Maneno 12,000 si riwaya. Nilipomwambia hivyo hakuudhika. Kwa mwendo huo mswada wa maneno 40,000 utamchukua misimu ya kiangazi mitatu na zaidi, na alishapiga hesabu hiyo kabla yangu. Kuchapa kwenye kompyuta mjini wanamtaka shilingi 1,000 kwa ukurasa. Amekataa, anachapa mwenyewe kwenye simu, polepole, usiku ambao umeme upo. Hapo namwona anapoteza muda, lakini hela ni yake na macho ni yake.

Mimi kwa upande wangu nimeacha kusema "kila siku". Naulizia kwanza mtu analima nini.

Wiki iliyopita alinitumia picha ya azimio jipya. Safu ya Januari ina maneno matatu: palizi, mbolea, ada. Februari na Machi zina mstari mrefu wa kalamu nyekundu. Chini ya Aprili, wiki ya Pasaka, ameandika "Babu na kesi ya mpaka, vipindi 6". Nikampigia. Nikamwambia bado naona Januari ingebeba kipindi kimoja kwa wiki, walau mkono usisahau. Akasema hapana. Nikasisitiza. Akasema, "Kaka, ngoja," simu ikakatika, na baada ya dakika ikaingia picha: mahindi yamefika magotini, majani yanang'aa kwa mvua, na pembeni jembe limesimama peke yake kwenye tuta.